Volti Sita za Eliane

Kwenye kilima kimoja cha komini ya Bulengera, mjini Butembo, kuna kiwanja chenye nyumba tatu. Nyumba ya juu ni ya Onésime, fundi seremala. Ya katikati ni ya mama yake, Mama Kavuo. Ya chini ni ya Esdras, mdogo wake Onésime. Lakini Esdras hayupo. Katika nyumba ya chini anaishi mke wake, Eliane, na mtoto wao Bénite, mwenye miaka minne.

Kila asubuhi Eliane huamka kabla ukungu haujainuka. Huwasha mbabula, jiko lake la makaa, hupika uji, humpelekea mama mkwe wake kikombe cha kwanza. Kisha hufagia. Huanza mbele ya nyumba ya shemeji yake, hushuka polepole mpaka kwake. Katika kiwanja hiki kila jambo huanzia juu: salamu, chakula, hata ufagio. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna aliyewahi kuivunja.

Esdras ana shamba la kakao mbali, ng'ambo ya Beni. Ni miezi kumi na minne sasa tangu aondoke. Kule shambani simu haishiki mtandao. Ndiyo maana kila Jumamosi, saa nne ya asubuhi, Esdras hupanda mlima mmoja na kumpigia mke wake. Wanaongea robo saa, mara nyingine chini ya hapo. Eliane huishi kutoka Jumamosi hadi Jumamosi. Siku nyingine kwake ni kazi tu.

Tuseme ukweli, alimtamani mume wake sana. Alitamani kumsikia akikohoa mlangoni. Alitamani kumpakulia maharage na kumsikia akilalamika kwamba chumvi ni kidogo. Watu wakimuuliza, alijibu kwamba amezoea. Hakuwa amezoea hata kidogo.

Simu yake, ya pekee kiwanjani, ilikuwa ya zamani, na siku hizi haikai na moto, yaani haitunzi chaji. Ukiijaza usiku, asubuhi imekufa. Ili aongee nayo, lazima iwe kwenye shaja. Jirani kuna kibanda cha kushajisha simu, lakini mwenyewe ni Mwadventista. Jumamosi anafunga, anakwenda kusali, na huwezi kumlaumu mtu kwa kusali. Kwa hiyo Esdras alituma panneau, yaani ile sahani nyeusi inayokamata jua, pamoja na batri ya volti kumi na mbili. Mzigo ulikuja na lori la Ézéchias, dereva anayepita kati ya Beni na Butembo.

Onésime alifunga vile vitu mwenyewe. Alifunga kwa heshima, kama mambo yote ya kiwanja hiki. Batri ilikaa kwake, kwa kuwa mali ya mtu aliye safarini hutunzwa na mkubwa wake. Waya mmoja ulitoka kwenye batri, ukaingia katika taa ya mlango wake. Ulipotoka pale ukashuka, ukaingia katika taa ya Mama Kavuo. Ulipotoka kwa mama ukashuka tena, ukaingia katika shaja ya Eliane. Kisha ukapanda nyuma ya nyumba zote na kurudi kwenye batri. Mkubwa kwanza, mama wa pili, mke wa mdogo mwishoni. Onésime aliitazama kazi yake akaridhika. Wote walimshukuru.

Tatizo ni kwamba kazi ile ilipendeza macho tu. Taa ya Onésime ilitoa mwanga wa njano, dhaifu. Ya Mama Kavuo ilikuwa nyekundu ndani kidogo, basi. Mama alisema taa yake ni mgonjwa. Na simu ya Eliane ilionyesha alama ya kushaji, ikaizima, ikaionyesha, ikaizima tena. Ungedhani inakunywa, kumbe inaonja tu. Mbaya zaidi, saa moja ya asubuhi Onésime alipokwenda kazini alizima taa yake, kama mtu yeyote mwenye akili. Mara ile ile alama ya simu ilipotea, isirudi tena.

Hivyo Jumamosi moja ilipita, simu ikiwa imekufa. Ikapita ya pili. Saa nne Eliane alikaa kitandani, ameishika ile simu nyeusi mkononi, akijua kwamba wakati huo huo mume wake yuko juu ya mlima, anaita.

Jumatano Ézéchias alisimamisha lori lake barabarani, akaja kwa mguu mpaka nyumba ya chini. Hakutaka hata chai.

“Mama Bénite, Esdras amenituma,” alisema, kwa Kiswahili cha huko ambacho posho ni Jumamosi na siku ya kwanza ni Jumatatu. “Siku ya posho mbili anakuita, telefone ni ya kufunga. Anawaza mutoto anagonjwa, ao ni wewe. Anasema hivi: kama hii posho tena hapana kukupata, ataacha kakao. Siku ya kwanza anachukua njia, anakuya.”

Moyo wa Eliane uliruka kwa furaha. Aliona haya kwa furaha hiyo, akauliza njia iko namna gani.

“Njia unaijua, mama. Mimi nilingoja Beni siku mbili njo nikatoka na convoi, magari mengi na askari mbele. Lakini kutoka kule kwake mupaka Beni, convoi hapana. Batu wenye akili hawapiti peke yabo sasa.”

Dereva alipoondoka, Eliane alibaki na mawazo mawili yasiyokaa pamoja. Alitaka Esdras aje. Alitaka Esdras asije.

Halafu akapata hasira, maana hasira ni nyepesi kuibeba. Alijua kosa liko wapi, au alidhani anajua. Yeye ndiye wa mwisho kwenye waya. Shemeji anakula wa kwanza, mama wa pili, yeye anaachiwa makombo. Hata umeme! Alhamisi alikwenda kwa Orpa, jirani anayetengeneza redio karibu na soko. Orpa alisomea umeme shuleni, na katika mtaa ule ni yeye tu mwanamke mwenye kazi hiyo. Eliane alimwomba jambo moja tu: amfundishe namna ya kuuweka waya ili yeye awe wa kwanza.

Orpa hakubishana. Alichukua mashine yake ya kupimia volti na karatasi, wakaja pamoja. Onésime alikuwa kazini, ila mke wake aliwafungulia mlango na kuwasha taa. Orpa aliufuata waya kwa macho kutoka juu mpaka chini na kurudi. Kisha akaketi kwenye kigoda cha Mama Kavuo.

“Bile bintu tatu biko mu mustari moja,” alisema. “Courant, ule umeme, iko na njia moja tu. Inapita taa ya Papa Onésime, inapita taa ya Mama, inapita shaja yako, inarudia ku batri. Ile inatoka njo ile inarudia. Hakuna mwenye anaikula njiani.”

Eliane aliuliza, kama hakuna anayeikula, mbona yeye hapati.

Orpa alimwonyesha kilima chenyewe. Alisema fikiria batri imekupandisha hatua kumi na mbili. Hizo hatua ni volti. Lazima uzishuke zote kabla hujarudi kwenye batri, wala hazizidi wala hazipungui. Kila kitu kwenye waya kinakushusha hatua kadhaa. Kinachopinga sana umeme kupita kinachukua hatua nyingi, kinachopinga kidogo kinachukua chache. Kule kupinga tunakupima kwa omu. Na umeme unaopita tunaupima kwa ampea.

Aliandika kwenye karatasi. Taa ya Onésime, ikiwa imewaka, ni omu 20. Taa ya Mama Kavuo ni omu 10. Shaja ya simu, inapokamata, tuihesabu omu 30. Alimpa Eliane kalamu.

“Jumulisha.”

Eliane alijumlisha. Ishirini na kumi na thelathini ni sitini. Omu 60.

“Sasa volti kumi na mbili, ugawanye kwa sitini. Unapata ampea ngapi?”

Hapo Eliane alikwama. Aliacha shule akiwa darasa la sita, na mambo ya nukta yalimsumbua hata wakati ule. Orpa alimngojea. Mama Kavuo naye aliacha kuchambua maharage, akatazama. Eliane alijaribu, akafuta, akajaribu tena. Akapata 0.2.

“Njo hiyo. Ampea sifuri nukta mbili, na ni ile ile fasi yote, mahali pote. Sasa uzidishe na omu ya kila kitu, utaona kila mutu anashuka volti ngapi.”

Eliane aliandika polepole, ulimi ukiwa kwenye kona ya mdomo:

0.2 × 20 = 4
0.2 × 10 = 2
0.2 × 30 = 6

Onésime volti nne. Mama volti mbili. Yeye volti sita. Orpa akamwambia azijumlishe. Nne na mbili na sita ni kumi na mbili, sawasawa na batri. Orpa alisema kila mara lazima ziwe sawa na batri. Zisipolingana, ujue umekosea hesabu, rudia.

Eliane aliitazama karatasi muda mrefu. Yeye, wa mwisho, alikuwa anapata kuliko wote. Mama wa pili anapata mbili tu. Hasira yake ya siku mbili haikuwa na mahali pa kukaa tena, na alijisikia mjinga kidogo.

“Na kama niko wa kwanza?” aliuliza.

“Hesabu.”

Alihesabu. Thelathini na ishirini na kumi, ni sitini zile zile. Ampea zile zile. Volti sita zile zile. Nafasi kwenye mstari haibadilishi kitu.

Orpa alipima sasa kwa mashine. Namba zilirukaruka, kwa kuwa shaja ilikuwa inashika na kuachia. Aliingoja ishike, akasoma. Kwenye taa ya juu ilionyesha karibu nne. Kwa Mama karibu mbili. Kwenye shaja karibu sita. Alieleza kwamba shaja ile, kama nyingi za namna yake, inataka zaidi ya volti tisa. Ikipata sita inaanza, inashindwa, inaanza, inashindwa. Na kwa kuwa njia ni moja, Onésime akizima taa yake anaikata njia ya wote. Si ubaya wake. Ndivyo mstari mmoja ulivyo.

Dawa ilikuwa rahisi. Kila kitu kipate waya wake wa kwenda na wake wa kurudi, moja kwa moja mpaka batri. Hapo hakuna anayegawana hatua na mwenzake. Kila mmoja anashuka zote kumi na mbili peke yake, na mmoja akizima, wengine wanaendelea. Ila Orpa alionya: batri itaisha haraka zaidi, kwa hiyo taa zizimwe mchana. Na karibu na batri lazima kuwe na fizibu, yaani fyuzi, ili nyaya zikigusana nyumba isiungue.

“Leo kwanza unaomba Papa Onésime,” alisema akifunga mfuko wake. “Batri iko kwake. Mimi hapana kugusa bila yeye.”

Jioni ile Eliane hakwenda kuomba. Shemeji yake alirudi, alimsikia akisalimia na kuvua viatu, na bado hakwenda.

Unaweza kufikiri alimwogopa. Alimwogopa kidogo, ndiyo. Mke wa mdogo haendi kumwambia mkubwa kwamba kazi yake ina kosa. Lakini hilo halikuwa lote. Wakati anamwogesha Bénite, wazo lilimjia, na hakulifukuza. Akinyamaza tu, asifanye lolote, simu itakufa Jumamosi. Esdras ataita, hatapata mtu. Jumatatu atachukua njia. Jumatano, labda, atakuwa mlangoni. Hakuna atakayemlaumu Eliane. Naye atasema ni umeme.

Alimpaka mtoto mafuta, akamvalisha, akamlaza. Alilibeba wazo hilo kifuani na lilimpa joto kweli. Aliuona uso wa Esdras. Aliona mkono wake ukipokea sahani. Kisha akajaribu kuiona njia yenyewe, kutoka shambani mpaka Beni, mtu mmoja anatembea peke yake kwa sababu mke wake alinyamaza. Hapo hakuweza kuendelea kuota.

Ijumaa, kabla Onésime hajatoka, Eliane alikuwa mlangoni kwake na ile karatasi. Hakumtazama usoni, kama ilivyo adabu. Alisema ana jambo. Alieleza kwanza habari aliyoileta Ézéchias, kwa sababu hakuwa amemwambia bado. Halafu akaiweka karatasi juu ya meza, akaonyesha kwa kidole: sitini, sifuri nukta mbili, nne, mbili, sita.

Onésime ni mtu wa kupima mbao. Namba haziwezi kumdanganya. Alizisoma mara mbili, akajumlisha mwenyewe kwa penseli aliyoitoa nyuma ya sikio.

“Mama anapata mbili tu?” aliuliza.

“Mbili, Papa.”

“Mimi niliwaza nimemupatia mbele yako.”

“Na hata ungeweka mimi wa kwanza, ningepata sita zile zile. Nilikuwa nakukasirikia bure, Papa. Unisamehe.”

Onésime aliirudisha penseli nyuma ya sikio. Kisha shemeji yake akacheka pumzi moja tu puani.

“Kumbe courant hapana jua mukubwa,” alisema.

Siku hiyo hakwenda kazini asubuhi. Alileta waya mnene aliokuwa amenunua kwa ajili ya karakana yake. Orpa alikuja saa tatu. Waliweka fizibu tatu karibu na batri. Walivuta waya wa kwenda na wa kurudi kwa kila nyumba. Eliane mwenyewe alikaza zile za kwake, Orpa akimshikia taa ya mkononi na kumwambia nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi.

Kisha wakapima. Kwa Onésime, kumi na mbili. Kwa Mama, kumi na mbili. Kwa Eliane, kumi na moja na nukta nane. Eliane alikunja uso. Alitaka kujua nani amechukua zile nukta mbili. Orpa alisema ni waya wenyewe. Nao unapinga kidogo, na wa kwake ndio mrefu kuliko zote. Waya mwembamba ungechukua nyingi zaidi. Eliane alijumlisha kichwani, kumi na moja nukta nane na nukta mbili, akatikisa kichwa kukubali. Zilikuwa kumi na mbili.

Mama Kavuo aliwasha taa yake. Chumba chote kilionekana mpaka pembeni, na vumbi la juu ya kabati likaonekana nalo. Aliishika mikono ya Orpa, akamwambia asante kwa Kinande, “Wasingya.” Halafu akaizima upesi, maana ilikuwa mchana na alikuwa amesikia onyo.

Jumamosi ukungu ulikawia. Saa moja Onésime alizima taa yake, akaenda. Eliane alikimbilia simu. Alama ilikuwa pale pale, haichezi. Saa mbili ilikuwa pale. Saa tatu simu ilionyesha imejaa. Alimvalisha Bénite gauni safi kana kwamba baba yake angemwona, akaketi kando ya shaja.

Saa nne na dakika sita simu iliita.

Esdras hakusalimia. Alimwita kwa jina lake mara tatu, upesi upesi, kama mtu anayegonga mlango. Eliane alijibu kila mara. Alimweleza kwamba mtoto ni mzima, mama ni mzima, na yeye ni mzima. Alimweleza habari ya waya, na volti nne, na mbili, na sita, na Esdras alimsikiliza akipumua tu. Bénite aliimba wimbo nusu, akasahau mwisho.

“Kakao yenyewe iko namna gani?” Eliane aliuliza.

Esdras alisema zimebaki wiki sita za kuvuna, labda saba. Baadaye wavunaji wote watashuka Beni pamoja, kundi kubwa, na huko watangoja convoi. Alisema pia kwamba begi lake limefungwa tayari, lipo karibu na mlango tangu Jumatano.

“Niambie tu, nakuya siku ya kwanza,” alisema.

Eliane alifumba macho. Hakuwa na mtu wa kumsingizia sasa, wala umeme.

“Ubaki.”

“Unapenda nibaki?”

“Hapana. Sipendi hata kidogo. Nakutamani kila siku, Esdras, hata natamani ile kukohoa yako. Lakini ubaki. Utakuya na wenzako.”

Alimsikia akishusha pumzi, kule mbali juu ya mlima wake. Walizungumza tena, juu ya chumvi, juu ya bati la jikoni linalovuja, juu ya mambo madogo ambayo robo saa haikuwahi kuyafikia. Nusu saa ilipita. Karibu saa nzima. Halafu, katikati ya neno, sauti ya Esdras ilikatika. Safari hii simu yake ndiyo iliyokufa.

Eliane hakuitoa yake sikioni mara moja. Ilikuwa bado kwenye shaja, imejaa, na ingeweza kuendelea mpaka jioni.